Vibao Vilivyozeeshwa Zizini

Ninayoyaandika hapa yalinipata mimi mwenyewe, uani kwangu, nikiwa macho, tena na akili zangu zote. Sikusimuliwa kisimani. Kama umeshajiandaa kusema kibibi huyu alisinzia akaota, basi acha kusoma, nenda kachote maji, siku isikupotee. Ukitaka mashahidi wapo. Kabula, mke wa mwanangu, yu hai, na mdomo wake haufungwi na mtu. Jilala jirani yetu yu hai. Waulize.

Tunaishi nje kidogo ya Bariadi, upande wa njia ya kwenda Maswa. Mume wangu Maduhu alishafariki. Nakaa na kitinda mimba wangu, Masanja, na huyo Kabula mkewe, na binti yao mdogo Minza. Masanja alikuwa fundi bati. Ndoo, karai, mifereji ya kukingia maji ya mvua, vyote alitengeneza. Tena mkono wake ulijua kuchora. Vibao vya maduka, vya saluni, vya vinyozi, vingi unavyoviona pale stendi ni vyake. Siku moja alianguka kutoka kwenye paa la ghala akipigilia bati, akavunjika mguu wa kushoto, na tangu hapo akawa anachechemea. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama kwato kwa ajili ya mkasi na nyundo. Hayo nakuambia mapema kwa sababu utayahitaji.

Sasa, banda langu la kuku lilikuwa na mlango wa kibao cha zamani. Kilikuwa kibao cha Sabuni ya Korongo. Sabuni yenyewe siku hizi haipo, ila sisi tulioifulia tunaikumbuka. Kilikuwa chuma kizito, na rangi yake si ya brashi, ni ile inayong'aa kama kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, kama vikombe vya zamani vya kunywea chai. Bluu, na katikati ndege mweupe mwenye shingo ndefu amesimama kwa mguu mmoja ndani ya beseni la mapovu. Marehemu Maduhu alikipata kule Sola, duka la mzee Kidoyayi lilipobomoka ukuta. Akakipigilia bandani, kuku wakalala salama, basi. Nani angefikiri ni mali?

Akaja mtu kutoka Arusha, Bwana Laurenti. Mzee mrefu, miwani mizito, kazi yake kuzunguka vijijini akitafuta vibao vya namna hiyo: vya sabuni, vya majani ya chai, vya betri, vya baiskeli. Alituambia nyumba yake kuta zote ni vibao, mpaka chooni. Vingine huuzia mahoteli, na watu wengine wanaovikusanya kama yeye. Alipoona mlango wa kuku wangu alipiga magoti kwenye kinyesi na suruali yake safi. Nilidhani anaumwa. Akakipapasa kibao, akakigonga kwa ukucha, kisha, niamini, akakiuma ukingoni.

Kabula, ambaye huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akaninong'oneza, "Mayu, mgeni ana njaa. Anakula mlango."

Tulicheka mpaka machozi. Bwana Laurenti naye akacheka, akaniita nisogee. Alisema, "Mama, angalia hapa. Kwenye matundu ya misumari rangi imepasuka, maana aliyekigonga alikuwa na haraka. Hapa ukingoni imelika, maana hapa ndipo unaposhika ukifungua. Huku juu mkono haufiki, bado inang'aa. Kibao cha kweli kinakuonyesha kilipoguswa. Cha kughushi kinachakaa kila mahali sawasawa, kwa sababu anayekizeesha hajui kilikuwa kinashikwa wapi."

Akakinunua kwa bei iliyotufaa, akatuwekea na mlango wa mbao juu yake, akaondoka akikikumbatia kama mtoto. Alipokuwa anapanda gari akamwambia Masanja, "Ukisikia vingine, nipigie."

Neno hilo ndilo lililoingiza ugonjwa nyumbani.

Siku kadhaa zikapita. Halafu nikaanza kumwona anakata bati nene, anapaka rangi juu ya rangi, anachoma kwenye tanuru alilolijenga nyuma ya choo, anachora korongo. Na mwanangu alijua kuchora, usione hivi. Korongo wake alitaka kuruka. Kisha anakigonga kwa nyundo, anakimwagia chumvi, anakianika. Alipomaliza akampigia yule mzee wa Arusha.

Bwana Laurenti alikuja, akakiangalia kibao kwa muda wa kupuliza kijiko cha uji, akakilaza chini.

"Masanja, hiki umekitengeneza wewe."

"Mimi? Nimekinunua Shishiyu, kwa mzee mmoja."

"Kimechakaa sawasawa kila mahali, kama kimenyeshewa mvua ya kutu. Ila mkono wako ni mzuri sana. Fanya hivi, andika jina lako nyuma, nitakinunua kama kazi yako mpya."

Masanja akakinyanyua kibao chake. Akasema, "Nani atatundika jina la Masanja ukutani?"

Mzee akapandisha mabega, akaondoka. Ningependa mwanangu angelikubali lile neno. Lakini Masanja ni wa kuzaliwa mwisho, ukimwambia hawezi, hali mpaka aweze.

Akaniambia dawa ameipata: samadi. Bati likifukiwa kwenye samadi kali, mkojo wa ng'ombe unalila kama kidonda, si kama mvua. Nikamuuliza anafukia wapi. Akasema zizini kwa Jilala. Nikaridhika, maana Jilala ana ng'ombe wengi na roho nzuri.

Na kweli, vibao vilivyotoka huko vilitisha. Mimi mwenyewe, niliyefungua kile cha kweli asubuhi zote za miaka, nilishindwa kuvitofautisha. Matundu yamepasuka panapostahili. Ukingo umelika mahali pa mkono. Nilimuuliza, "Umefanyaje?" Akasema, "Sijafanya kitu, mayu. Nilivifukia vipya, vikatoka hivyo." Alisema akicheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani. Vya kwanza hakumwonyesha Bwana Laurenti. Alimuuzia mtu wa Mwanza, na yule akavipeleka kwa wengine huko mbele. Halafu akafukia vingine, vingi zaidi, na mara hii alisema atamwita mzee wa Arusha aje kuvila kwa meno yake.

Siku yenyewe ilikuwa wakati wa kuvuna pamba. Masanja alitoka alasiri kwenda kufukua. Mimi nilibaki uani nachambua pamba, safi huku, fifi kule, na bakuli la karanga za kukaanga pembeni. Kabula alikuwa jikoni. Nikamwambia, "Mumeo anachelewa, na kwa Jilala ni hapo tu."

Kabula akatoa kichwa mlangoni. "Kwa Jilala? Nani kakwambia kwa Jilala? Si anafukia kule mahame, kwenye zizi la zamani. Anasema samadi ya kule haijaguswa na mtu, imejaa mpaka kiunoni."

Ndugu msomaji, pamba ilinidondoka.

Wewe usiye wa huku nikueleze. Ng'ambo ya mbuga kuna mahame, mji wa zamani wa baba mkwe wangu. Jina lake sitaliandika, mkamwana halitamki jina la mkwewe, na hata kalamu yangu ni mkamwana. Zamani, kabla hatujazoea makaburi ya misalaba, mwenye mji alizikwa zizini mwake. Anavikwa ngozi ya ng'ombe wake, anafukiwa humo, na ng'ombe wanaendelea kulala juu yake, ili asiwaache. Ndivyo alivyozikwa. Tulipohama, watu walichota samadi ya mazizi yote ya kule kupeleka mashambani mwao. Ile haikuchotwa hata tenga moja. Ndiyo maana imejaa. Masanja aliona samadi nyingi isiyo na mwenyewe, akaona bahati. Watoto wetu wanajua kuhesabu ng'ombe, lakini hawaulizi kwa nini zizi limeachwa limejaa.

Nilisimama nikamwambie Kabula avae kanga twende. Kabla sijafungua mdomo nikamwona Masanja anakuja.

Jua lilikuwa limeshagusa ardhi, lakini mwanga ulikuwepo wa kutosha kumwona mtu na kumjua. Alisimama pale kwenye upenyo wa ua wa minyaa, kwenye lango letu. Shati lake la kijani, kofia yake, kibao cha Korongo kwapani. Watu husema mbwa hujua. Mbwa wetu alimkimbilia akamtikisia mkia, akamlamba kidole, akarudi kulala. Kwa hiyo usimtegemee mbwa.

Nilifurahi sana! Moyo wangu ulishuka mahali pake, nikakaa tena, nikatia karanga mdomoni.

"Mwadila, mayu," akanisalimu.

Mdomo ulikuwa umejaa. Niliguna tu, "Mm." Nashukuru zile karanga mpaka leo.

Akaendelea kusimama. "Mayu, mbona hunijibu?"

Nikamwashiria kwa mkono, njoo. Hakuja. Akasema, "Niite niingie."

Sasa nikuulize wewe. Mtu arudi kwake, kwenye lango alilolikata mwenyewe, asubiri kukaribishwa? Nilitafuna polepole. Nikadhani amekasirika, au amelewa, ingawa Masanja hanywi. Nikamuuliza, "Umechelewa wapi?"

"Nimeleta cha kweli," akasema. Akakitoa kibao kwapani, akakinyoosha mbele ili nikione. "Angalia, mayu. Angalia matundu. Kisha niite jina langu niingie."

Nikasimama nikasogea kukiangalia, maana ndicho alichotaka niangalie. Na kibao kilikuwa cha kweli, nakuapia. Kilikuwa kizuri kuliko kile cha bandani kwangu. Lakini macho yangu yamechambua pamba tangu utoto, hayakai mahali pamoja. Yalishuka kutoka kwenye kibao yakaangukia kwenye vidole vilivyokishika.

Mgongo wa mkono wake ulikuwa na sugu.

Nisikilize vizuri. Sugu za mkulima na za fundi zinakaa kiganjani, mahali nyundo inapokaa. Huyu zilikuwa kiganjani na mgongoni mwa mkono, na katikati ya vidole, na kwenye kifundo, kwa ugumu uleule. Nikatazama shati. Shati la Masanja lilikuwa limepauka mabegani kwa jua, na kola imechanika. Hili lilikuwa limepauka mabegani, kwapani, chini ya mifuko, kila mahali, rangi moja. Nikatazama miguu. Nyufa za kisigino anazo kila mtu wa huku. Huyu alikuwa na nyufa kisigino, na nyufa zilezile juu ya mguu, zikipanda kwenye goti.

Alikuwa amechakaa sawasawa kila mahali.

Nilielewa jambo moja tu, na hakuna aliyenifundisha: mwenye mikono hii hana jina, amekuja kulichukua. Nikimwita Masanja ataingia, atakaa kwenye kigoda cha Masanja, atakula ugali wa Masanja, atalala na Kabula. Na yule wa kwangu, popote alipo, hatakuwa na jina la kurudia.

Na jina lenyewe lilikuwa mdomoni. Nilimpa mimi siku alipozaliwa. Unajua ugumu wa kulizuia jina la mwanao wakati sura yake inakuangalia? Ulimi ulikuwa unapanda wenyewe.

"Mayu," akasema, taratibu, kwa sauti ileile ya mwanangu akiwa na homa utotoni. "Nimechoka. Niite."

Nyuma yangu nikasikia kopo la maji. Kabula alikuwa anatoka jikoni na maji ya kumnawisha mumewe.

"Haya, na wewe mbona umesimama langoni kama mposaji? Baba Minza, hebu ingi—"

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilimrukia nikamziba mdomo kwa kiganja, kopo likaruka, maji yote yakatumwagikia. Kabula ni mwanamke mwenye nguvu, tena hapendi kushikwa. Alining'ata! Meno yaliingia mpaka nikaona nyota. Sikumwachia.

"Usimwite," nikamwambia sikioni. "Nipige, niume, lakini usimwite. Mtazame miguu."

Alitazama. Nilihisi kwa kiganja changu alivyoacha kung'ata. Kisha mayowe yakaja, yote ndani ya mkono wangu.

Yule pale langoni hakukasirika. Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo, hakukasirika hata kidogo. Alituangalia kama mtu anayeangalia nyumba iliyofungwa. Nikamwambia, "Mwenye mikono hiyo simjui. Rudi ulikotoka. Kilicho chako tutakurudishia."

Akakiegemeza kibao kwenye minyaa, kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto. Akageuka akaondoka kuelekea mbugani. Mwanangu alichechemea mguu wa kushoto. Huyu alichechemea miguu yote miwili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mashua ya karatasi kwenye dimbwi, mpaka giza likammeza.

Tulimwita Jilala kwa mayowe. Alikuja na tochi na jembe, na mdomo wake.

"Nyie wanawake, nyoka au fisi?"

"Masanja amefukiwa," nikasema. Sikujua kama ni kweli, lakini ndivyo nilivyosema.

"Masanja? Si nimemwona sasa hivi anavuka mbuga? Nimemwita hakuni—"

Kabula akamshika ukosi. "Umemwita jina?"

Jilala akatuangalia usoni kwa zamu. Kejeli ikamtoka. "Nimesema 'Fundi'. Mimi humwita Fundi."

Tukakimbia. Mimi kwa umri huu nilikimbia, na Kabula ananivuta mkono uleule aliouuma.

Kule mahame tulikuta shimo zizini, na ukingo wake umeporomoka. Samadi ya zamani ni kavu, ni kama unga, ukichimba kwa pupa inakushukia. Kiatu kimoja kilikuwa juu. Jilala alichimba, Kabula alichimba kwa kucha, mimi niliondoa kwa sinia la bati nililolikuta hapo, sinia gani sijui, labda kibao. Tukamfikia. Alikuwa amelala kifudifudi, vibao vimempanda mgongoni kama magamba. Tukamvuta, tukampangusa uso. Kifua kilikuwa kinatembea, kidogo sana. Macho yamefunguka lakini hayatazami.

"Masa—" Kabula akaanza, akajiziba mdomo mwenyewe safari hii.

Jilala akamulika mikono yake, maana njiani tulikuwa tumemweleza. Tukaona.

Ilikuwa laini. Viganja laini kama vya Minza. Hapakuwa na sugu, hapakuwa na kovu la mkasi kwenye kidole gumba, kucha iliyokuwa imepasuka imekuwa nzima. Nikamshika mguu wa kushoto pale ulipovunjika, palipokuwa na nundu. Hapakuwa na nundu.

Sasa hapo ungefanyaje? Mmoja alichakaa kila mahali, huyu hakuchakaa popote. Mwanangu niliyemjua hakuwa yule wala hakuwa huyu. Jilala akasema kwa sauti ya chini, "Mwite wewe. Wewe ndiye mama. Asipoitwa anakwenda." Na kweli alikuwa anakwenda, pumzi zilikuwa zinaachana mbali mbali. Kabula alinitazama.

Nilisali Salamu Maria moja, haraka. Kisha nikamwinamia sikioni nikamwita jina lake lote, na la baba yake Maduhu. La babu yake sikuweza kulitamka, nikasema tu, "Na mwenye zizi hili, tunaomba radhi."

Alikohoa samadi. Akaitika, "Naam, mayu."

Basi. Aliitika.

Kesho yake tulivifukia vibao vyote humohumo, pamoja na kile alichokiacha yule langoni. Tukachinja kondoo, tukamwaga pombe ya mtama. Katekista alinuna, nikamwambia Mungu alikuwepo pia, hakufukuzwa. Bwana Laurenti alipokuja nilimweleza mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza miwani mkononi. Kisha akauliza, "Kile cha langoni, mama, kwenye matundu kilikuwaje?" Nikamwambia kilivyokuwa. Mzee wa watu alifumba macho kama anayesikia harufu ya chakula. Akaomba aonyeshwe tu mahali. Jilala akamsindikiza mpaka kwenye gari akiwa na jembe begani, na sitasema alimsindikiza kwa upole.

Masanja yupo, mzima. Hachechemei. Mikono yake haijawahi kukomaa tena, akishika jembe nusu siku inatoka malengelenge, inapona usiku, inakuwa laini kama haikutumika. Bati hagusi. Kumbukumbu zake anazo, jina la kila ng'ombe tuliyewahi kufuga analo. Lakini watu wakimuuliza habari za siku ile hujitazama viganja, kisha humuuliza aliyemuuliza, "Wewe unaonaje?" Wengi hawarudi kuuliza. Kabula yeye nilimuuliza mara moja tu, kama mwanamke kwa mwanamke. Alinijibu, "Mayu, mume wangu namjua gizani kuliko wewe unavyomjua mchana." Akaenda kupepeta mahindi. Nikamwona anapepeta mahindi ambayo yalishapepetwa.

Mimi nilishamwita, akaitika. Sitamwita mara ya pili kujaribu. Kwetu sasa, jua likizama, hakuna anayeitikia salamu kutoka langoni mpaka mgeni anyooshe mikono ndani ya mwanga, kiganja na mgongo. Binti yangu Nkamba alikuja kututembelea kutoka Sola na mumewe, mkwe wangu akasimamishwa hapo kama mwizi, akakasirika, mpaka leo ananuna. Anune.

Ila kuna jambo linalonisumbua, ndilo lililonifanya niandike. Vile vya kwanza. Masanja alivitoa zizini akavipeleka Mwanza, na vikaenda mbele, na hatujui viliishia kwa nani. Vipo. Vimetundikwa mahali, hotelini, sebuleni, kwa mtu anayependa vitu vya kale na aliyeviuma kwa jino akaridhika. Bluu, ndege mweupe, mguu mmoja ndani ya beseni. Kama ni kwako, kishushe, kirudishe udongoni, usimuuzie mwenzako. Na kabla hujakishusha, jioni, mtu wa nyumbani kwako akisimama mlangoni akakuambia umwite jina lake aingie, funga mdomo. Mwangalie mikono.